TAHADHARI WANASIMBA: yule muuza jezi aliyetupiga laki 5 na 88 amerudi na jina jipya

Wakuu naomba msome hii mpaka mwisho na muipeleke kwenye magrupu ya matawi yenu, hasa nyie wa mikoani mnaoagiza jezi Dar zije kwa basi. Yule jamaa aliyetupiga tawi zima hapa Mwanza mwaka 2025 amerudi. Ukurasa mpya, jina jipya, namba mpya, ila picha ni zile zile. Juzi usiku nimekutana na tangazo lake la "oda za mapema jezi mpya", nikaikuza ile picha, jezi imetandikwa juu ya meza ya kioo na kile kioo kina ufa kona ya kushoto umezibwa na selotepu. Ile meza naijua. Niliiangalia wiki 3 mfululizo nikisubiri mzigo wetu.

Mimi ndo katibu wa tawi, hela za watu zilipitia mkononi kwangu, kwahiyo nawaeleza kitu nilichokiona mwenyewe sio cha kusimuliwa.

Mnakumbuka mwaka ule msimu ulisogea mbele. CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilichezwa hapa kwetu na Kenya na Uganda kuanzia Agosti 2 mpaka 30, kwahiyo Simba Day, siku ya klabu kutambulisha timu ya msimu mpya, ambayo tumeizoea Agosti 8 ikaenda mpaka Septemba 10. Na tulikuwa tumetoka kuipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwezi wa 5, tumepigwa 2 kule Berkane halafu sare ya 1-1 pale Amaan Zanzibar, watu wana uchungu, wana hamu msimu uanze, kila mtu anataka jezi mpya na jezi mpya haipo. Kilichokuwepo ni picha za kuvuja tu. Leo inavuja hii, kesho inavuja nyingine tofauti kabisa, na kila moja inaambiwa ndo yenyewe.

Basi kwenye grupu letu kazi ikawa kubishana juu ya hizo picha usiku na mchana. Huyu anasema nyekundu imekuwa kama damu ya mzee, siyo nyekundu yetu, huyu anasema wadhamini wamejaa mpaka nembo ya klabu imesogezwa pembeni kama mgeni. Vijana wanataka kola ya mviringo iliyobana, wazee wanataka kola ya shati ili mtu akitoka uwanjani aweze kupitia hata msibani akaonekana ni mtu. Kina dada nao walikuwa na hoja ya maana sana ambayo kila mwaka haisikilizwi, kwamba jezi zinakatwa kiume, ukichukua ndogo inabana kifuani ukichukua kubwa mabega yanafika kwenye viwiko. Na bei, hapo tulikuwa kitu kimoja. Bei zilizokuwa zinatajwa mtaani ni elfu 40 na kitu, sasa chukua baba mwenye mke na watoto 3, akisema avalishe nyumba nzima inapita laki 2, hiyo kwa wengi wetu ni kodi ya nyumba miezi kadhaa. Mdau mmoja akaandika hivi, wangetoa hata ya elfu 28, rangi na nembo tu, bila mbwembwe, tungenunua wote. Watu wakaweka vidole gumba vingi sana pale.

Siku 2 baadaye jamaa akajitokeza. Bei yake? Elfu 28.

Hapo ndo nataka muelewe vizuri maana wengi wakitapeliwa wanaambiwa ni tamaa, haikuwa tamaa. Yule mtu alikuwa ndani ya grupu letu wiki nzima na zaidi, hajaandika hata neno moja, yuko kimya anatusoma. Alipokuja kuandika alikuja na kila kitu tulichokuwa tunakililia. "Toleo la mashabiki" kutoka kiwandani moja kwa moja, wadhamini wachache, kola ya shati kwa wazee ipo, mkato wa kike upo, bei ni ile ile mdau aliyoiomba. Malalamiko yetu ndo yaliyomuandikia tangazo.

Tena hatukukurupuka. Tulisema kwanza tunataka sampo, akasema sawa, lipieni 2 nawatumia za msimu uliopita muone ubora kwasababu mpya haziruhusiwi kutoka kabla ya uzinduzi, kiwanda ni kile kile. Tukalipa elfu 56 kwa lipa namba yenye jina la duka, siku 2 mzigo upo stendi ya Nyegezi hapa Mwanza. Zile jezi 2 zilikuwa nzuri kweli, tukalinganisha na ya mwenzetu aliyonunua duka rasmi, mshono kwa mshono, lebo kwa lebo, hakuna tofauti. Sasa hivi najua kwanini. Alizinunua duka hilo hilo kwa bei kamili akatuuzia sisi kwa hasara ya elfu 20 na ushee, ndo chambo chenyewe.

Tukaagiza 21. Laki 5 na elfu 88. Kianzio laki 3 ikaenda vizuri kwenye lipa namba ile ile. Ya pili, laki 2 na elfu 88, akanipigia mwenyewe, sauti ya upole, ananiita katibu, anasema lipa namba leo mtandao unasumbua na basi linaondoka stendi ya Mbezi Dar saa 12 asubuhi, tuma kwenye namba hii. Ndugu zangu wote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", tunazifuta kila siku. Lakini ikija kwa mtu ambaye umeshamzoea, kwa sauti, na una watu 21 wanakuuliza katibu vipi mzigo, inaingia. Nikaingiza namba likaja jina la mwanamke. Nikamuuliza, akajibu haraka sana, huyo ni mke wa bosi. Nilikaa na kidole juu ya simu kama dakika nzima hivi halafu nikaweka namba ya siri.

Mzigo ulikuja, hilo lazima niseme, ulichelewa mno ila ulikuja, mfuko wa salfeti umefungwa kamba, na jezi zilikuwa 21 kamili. Nadhani anafanya hivyo makusudi ili ukienda kulalamika aseme si umepokea mzigo wako. Tukaufungulia ofisini kwa fundi cherehani mmoja ni mwanachama wetu, yeye ndo alikuwa wa kwanza kunyamaza. Akaigeuza moja ndani nje, akavuta uzi mmoja kwapani kwa kucha, mshono ukafunguka wote mpaka kiunoni. Nembo imechapwa kwenye kama karatasi ya nailoni imegandishwa kwa joto, ukiipinda kidogo inapasuka mistari. Kola za shati hakuna. Mkato wa kike hakuna, 6 ni saizi za watoto. Na kibaya kuliko vyote ule muundo wenyewe ulikuwa ni wa moja ya zile picha za kuvuja, klabu ilipozindua jezi zake zikawa ni kitu kingine kabisa. Yani tumevaa jezi ambayo Simba hawajawahi kuivaa.

Kuna dada anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, yeye alikuwa ananiletea elfu 2 kila jioni, siku 14, hela ina harufu ya dagaa mpaka pochi yangu ikanuka. Aliichukua yake hivyo hivyo, akasema katibu siyo kosa lako. Akaifua nyumbani kwenye beseni moja na shati jeupe la shule la mwanae. Jumatatu mtoto akaenda shule na shati la pinki, na jezi yenyewe imebaki na rangi ya nyanya iliyopauka. Hilo mpaka leo linaniuma kuliko ile hela.

Tulimpigia, kwanza akawa anapokea anasema nitabadilisha, baadaye akatubloku mmoja mmoja, kisha ukurasa ukapotea. Nilienda polisi nikapewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi, na wakati wa kufuatilia ikaonekana ile laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama mmoja ambaye hata hajui kama ana laini hiyo. Ndo maana hapa siweki jina la mtu wala namba, nikiweka nitamchafua mtu asiyehusika. Na nyie pigeni *106# muone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA zenu, ukikuta usiyoijua nenda kaifunge, usikubali jina lako liwe la "mke wa bosi".

Sasa jinsi ya kumtambua, maana namba anabadilisha. Ingia kwenye ukurasa wake bonyeza sehemu ya kuhusu akaunti, utaona lini ilifunguliwa na kama imeshabadilishwa jina, hii ya sasa inajiita ya jezi ila ukishuka chini kabisa bado kuna picha 2 za wigi hajazifuta. Maoni kwenye posti amefunga, akuandikie inboksi tu. Mwambie akupigie video hai akushikie jezi na akuoneshe duka kwa nje mpaka barabara, atakuambia simu yake kamera mbovu. Na mtu yeyote anayekuuzia jezi "mpya" kabla klabu haijazindua, hata kama picha ni nzuri kiasi gani, jua hana. Klabu ikizindua inatangaza kwenye kurasa zake nani mzabuni na mikoani zinapatikana wapi, tusubiri hapo.

Wananchi, yani watani zetu wa Yanga, na nyie someni, kwenye hili hakuna utani wa jadi. Juzi kwenye meza ile ile ya kioo kulikuwa na za kijani na njano, ufa unaonekana vizuri tu chini ya mkono wa jezi.

Na viongozi wa klabu kama hii inawafikia, tunaomba kwa heshima mtoe hata jezi moja ya bei ya chini kwa mashabiki, rangi na nembo, na saizi za kike za kweli. Hatukatai kulipia, watu 21 walishatoa hela zao, tatizo zilienda kwa mwizi badala ya timu.

Kama kuna aliyelipa wiki hii, usimpigie kumgombeza, atajua umeshtuka atatoa hela. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyo hiyo uwape namba ya muamala, kama bado hajatoa kuna uwezekano wa kuizuia. Meseji aliyokutumia isambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, ukiulizwa namba ya tapeli unaiandika. Skrinshoti tunza zote, voisi noti usifute, risiti ya basi usitupe, nenda polisi kituo kilicho karibu ukachukue RB. Ukiwa umepokea mzigo wa feki, Tume ya Ushindani FCC nao wanashughulika na bidhaa bandia, wapelekee jezi yenyewe na mfuko wake. Mimi moja ya zile 21 nimeitunza kwenye bahasha haijavaliwa, ufa wa nembo na kila kitu, na picha za ile meza za 2025 ninazo, nitazipeleka Jumatatu pamoja na hizi za juzi.