Fundi umeme wa magari wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa wenye Benzi za zamani

Wenye W140 (Benzi S-Class za miaka ya tisini) mtanielewa. S320 yangu ya 1994 ilikuwa inamisi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, taa ya ASR (mfumo wa kuzuia tairi kuteleza) haizimi. Gereji ya kwanza iliniuzia koili na plagi mpya, hali ikabaki ileile.

Huyu fundi hakuniuzia kitu. Alifungua kava ya injini, akakunja waya mmoja kidogo tu, gamba likapukutika kama ganda la karanga, shaba ikabaki wazi. Benzi nyingi za miaka ile, hadi 1995 hivi, gamba la waya za injini hukaushwa na joto. Waya zikigusana, kompyuta inapokea taarifa za uongo. Akazisuka upya zote, kila mmoja akaupima kwa mita kabla ya kuurudisha. Kazi safi mno!

Milango nayo ilikuwa haijifungi loki. Loki hizi zinaendeshwa kwa hewa ya pampu moja, na kipaipu cha mlango wa nyuma kilikuwa kimechanika. Akabadilisha kipaipu, pampu akaiacha.

Akiwa kazini hapokei simu, na risiti lazima uidai. Nendeni asubuhi mapema, foleni yake ni ndefu.