Nililipia samaki, nikaletewa mgeni rasmi

Chuo sitakitaja, na ukumbi mtabahatisha wenyewe. Ninachosema ni hiki: kama kuna mtu hapa Mwanza anafikiria kutoa hela yake kwenda kuwasikiliza wale walimu wa muziki wakirudi tena, asiende. Au aende, lakini kwanza aulize MC ni nani.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya kanisani kwetu Igoma, miaka sasa. Solfa, ile ya do re mi, naisoma, nota za mistari nazisoma, ila muziki wa piano na nyuzi nilikuwa nimeusikia kwenye simu tu, na spika ya simu haijui besi ni kitu gani. Kwa hiyo tangazo lilipopita kwenye magrupu ya wanakwaya kwamba walimu watano wa chuo watapiga piano, fidla, na ndugu zake wakubwa viola, chelo na dabo besi, kwanza Mozart, halafu kwinteti (kazi ya ala tano) ya Schubert, ile ya samaki, nilinunua tiketi siku hiyohiyo. Yangu, na ya mjomba wangu wa Kayenze, aliyevua maisha yake yote mpaka mgongo ulipokataa. Mjomba nilimvuta kwa neno samaki.

"Samaki gani?"

Nikamwambia wa mtoni, wa nchi za baridi.

"Anamfikia sangara?"

Hamfikii. Akaja hivyohivyo, kavaa koti lake la harusini.

Tiketi inasema saa 12 jioni, wao wakaanza saa moja na kitu. Hapo sikununa, tumeshazoea. Na nusu ya kwanza, kusema haki, sina neno nayo. Kwateti ya Mozart, kazi ya ala nne, ya mwaka 1785 inaanza wote wanne wakishuka pamoja kwenye melodia moja, bila salamu, na kijana wa mbele yangu aliyekuwa anaperuzi simu akaifunika mapajani palepale. Piano ilikuwa piano kweli, ya nyundo na nyuzi, na hewa ya ziwani ilikuwa imeshaifanyia kazi yake. Unyevu unavimbisha mbao, basi kibao kimoja cha upande wa juu kilikuwa kikishabonyezwa hakirudi. Mwalimu alikuwa anakipiga, anakinyanyua kwa kidole cha mkono wa pili, anaendelea, na usoni hata hakunji ndita. Nimeona wapiga vinanda wakisimamisha ibada kwa tatizo dogo kuliko hilo.

Baada ya mapumziko yule mama wa chelo akasimama kutueleza kazi inayofuata, kwa Kiswahili kilichonyooka, bila maringo. Kwamba Schubert aliiandika mwaka 1819 akiwa na miaka 22. Kwamba kuna bwana mmoja wa mji wa Steyr, Austria, aliyeitwa Paumgartner, tajiri mwenye kupenda muziki na mwenyewe akipiga chelo, alikuwa anaupenda mno wimbo mmoja wa Schubert kuhusu samaki, akamwomba autie ndani ya kazi hii. Wimbo wenyewe unasimulia samaki anayejichezea kwenye maji maangavu. Mvuvi amesimama kando na ndoana yake hapati kitu, mwisho anayavuruga maji makusudi, samaki haoni tena, ananaswa.

Mjomba akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika mistari miwili mbele: "Huyo ni mvuvi haramu. Hawakumkamata?"

Mama wa chelo akasema samaki wenyewe tutamkuta sehemu ya nne kati ya tano. Kumbukeni hapo. Sehemu ya nne.

Wakaanza. Sasa hapa naomba mnivumilie kidogo, maana hiki ndicho kilichonipeleka. Mtu wa kawaida akitaka piano na ala nne za nyuzi angeweka fidla mbili, viola na chelo. Schubert kaweka fidla moja, ile nafasi kampa dabo besi. Mtu wa kwaya anaelewa mara moja maana yake: ukishapata besi mmoja wa uhakika anayeweza kubeba sakafu peke yake, yule besi wako mwingine unamruhusu apande akaimbe. Chelo ilikuwa inaimba! Na piano, kwa kuwa chini kuna mwenyewe, ilikuwa inakimbia huko juu kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimekaa upande wa dabo besi, nikimwona yule mwalimu akiacha upinde na kudonoa nyuzi kwa kidole, na sauti naisikia kwenye kiti nilichokalia, si masikioni. Kwenye simu sauti hiyo haipo. Nasema haipo kabisa.

Sehemu ya tatu ni ya mbio. Ilipoisha watu tukapiga makofi, na mwenye fidla akapachika fidla yake kidevuni, tayari kwa ya nne.

Ndipo MC akapanda jukwaani.

Sikuamini. Nilidhani kuna gari limeziba njia. Kumbe: "Mwanza mpoooo? Naomba tusimame wote, mgeni wetu rasmi ameshaingia ukumbini!" Tukasimama. Mgeni rasmi akaingia na watu wake, akasalimia mstari wa mbele mmojammoja kwa mkono, akakaa. Sawa, amechelewa, ameingia, amekaa, tuendelee na muziki. Wapi! Itifaki. Utambulisho wa meza kuu, na kila anayetajwa anasimama na kupunga mkono. Makofi ya kilo kwa huyu, makofi ya kilo kwa yule. Halafu risala. Nasema RISALA, imeandikwa, imechapwa, imewekwa kwenye fremu, inasomwa mbele ya watu watano walioshika ala mikononi. Mafanikio ya idara, changamoto za idara, idara haina basi. Mama wa chelo amekaa pale kakumbatia chelo yake, anatazama miguu yake. Mgeni rasmi akajibu risala. Basi litaangaliwa. Akapewa zawadi, wakapiga picha.

Nusu saa hiyo, mimi nakadiria. Joto la watu na taa likawa limeshalegeza nyuzi, ikabidi waanze kuzisawazisha upya, na mlinzi wa ukumbi akaonekana mlangoni akigonga saa yake kwa kidole, maana baada yetu kulikuwa na kikao cha harusi. Mwalimu wa piano akainama kwa mwenye fidla, wakanong'onezana. Halafu nikamwona kwa macho yangu anafunua kurasa. Hakufunua moja. Alishika fungu zima, akaligeuza kwa mkupuo.

Wakaruka sehemu ya nne. Wakaingia ya tano moja kwa moja.

Jamani. Sehemu ya nne ndiyo kazi yenyewe! Ndiyo aliyoiomba yule bwana wa Steyr. Pale nyuzi zinauimba wimbo peke yake na piano imenyamaza, halafu kila mmoja anapokezana nao: piano, viola, huko chini kabisa, kisha panachafuka kwa kishindo, chelo inautuliza, na mwisho piano inaleta yale maji yanayorukaruka kama kwenye ule wimbo wenyewe wa samaki. Inachukua dakika kama nane. Risala peke yake ilikula zaidi ya hizo.

Na haikuishia hapo. Sehemu ya tano ina mtego unaojulikana: katikati muziki unafika mahali unakata kabisa, kama umekwisha, kisha unaanza upya. MC akaingia mtegoni mzimamzima. Walipokata tu, huyo na maiki yake: "Makofiiii!" Wenzake wameshaendelea kupiga, yeye yupo pembeni mwa piano anashukuru wadhamini. Mwenye viola alicheka. Nashukuru kuna aliyeweza kucheka.

Watu walipoanza kutoka nikamfuata MC kwenye meza ya soda. Nilimwendea kistaarabu kabisa. "Kaka, samahani, shikamoo hata kama tunalingana, hivi mbona kipande cha nne hakikupigwa? Mjomba wangu katoka Kayenze kwa ajili ya hicho."

Sambusa iko mdomoni. Akanitazama kuanzia viatu. "Dada yangu, kwani kuna mtu aliyegundua? Watu wa Mwanza wanataka shangwe tu."

Hilo ndilo lililonikalisha niandike, muziki unafuata nyuma. *Watu wa Mwanza.* Mji ambao kila kona ina kwaya, na kila kwaya ina mzee mmoja anayejua ni nani wa sauti ya pili aliyepanda nusu nota Jumapili ile ya Matawi. Vuka Igoma nenda Kisesa, pale Bujora, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, uwaone Wagika na Wagalu, makundi mawili mahasimu ya ngoma, wakichezeana: hakuna jaji mwenye karatasi, watu wenyewe wanahama kwa miguu kwenda kwa yule anayepiga vizuri zaidi, na aliyebaki na uwanja mtupu kashindwa. Hao ndio hawatagundua? Mjomba wangu, ambaye Schubert kamsikia jioni hiyohiyo, ndiye aliyeniuliza kabla sijafungua mdomo: "Mbona samaki hajapita?"

Kwenye daladala ya kurudi alishatulia, anasema samaki mwenyewe mjanja, kakwepa mpaka kokoro la serikali. Abiria wakacheka. Mimi sikucheka mpaka Buzuruga.

Sasa hukumu. Nilipofika nyumbani ilikuwa sifuri. Kesho yake nikasema, hapana, walimu wamekosa nini, MC hawakumwajiri wao. Halafu nikakumbuka lile fungu la kurasa, na hasira ikarudi upande wao pia. Mngesema hapana. Mngekaa kimya mikono magotini mpaka kikao cha harusi kije na sufuria zake, mkapiga samaki, kisha mkaacha ya tano, maana ya tano hakuna aliyeiulizia. Mtu aliyesomea kazi hii mpaka anafundisha chuo kikuu anajua kabisa alichokikata. MC hajui, na huyo angalau ana hiyo nafuu.

Lakini ile besi. Wiki nzima mazoezini nimekuwa mkali kwa wanaume wangu wa sauti ya nne, nawaambia shukeni, bebeni, waacheni wenzenu waimbe, na wananiuliza dada leo una nini. Hiyo nimeitoa pale ukumbini na siwezi kuikana.

Basi nendeni wakija tena. Kaeni upande wa dabo besi. Lakini nawaambia walimu, kama mnasoma: mna deni la sehemu ya nne kwa mzee mmoja wa Kayenze, na vishina vya tiketi ninavyo. Mkirudi, pigeni hiyo kwanza, saa 12 kamili, kabla gari la mgeni rasmi halijatoka kwake.