Plastigage kwenye injini ya Massey Ferguson 135: inafaa au tunapoteza hela?

Karibuni tena wadau. Hapa kwenye benchi nina injini ya trekta ya MF 135, ile Perkins ya silinda tatu, nimeipindua chini juu. Na mkononi nina hiki kiuzi cha kijani. Sogeeni muone: chembamba kuliko tambi. Ndiyo Plastigage yenyewe.

Kazi yake kupima nafasi ya oili kati ya beringi na shingo ya krenki, yaani sehemu ya mhimili wa injini inayozunguka ndani ya beringi. Nafasi ikibana, beringi inaungua. Ikizidi, presha ya oili inashuka na injini inaanza kugonga. Cha kijani kinapima thau (elfu moja ya inchi) 1 hadi 3, yaani milimita 0.025 hadi 0.076. Kuna chekundu na cha bluu kwa nafasi kubwa zaidi, ila kwa konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) za injini kama hii chukua kijani.

Haya, konrodi namba moja. Nafuta oili yote, shingoni na kwenye beringi, pawe pakavu kabisa, maana oili inakiyeyusha. Nakilaza kufuata urefu wa shingo, mbali na tundu la oili. Narudisha kepu (kifuniko cha konrodi), nakaza kwa toki, yaani nguvu ya kukaza, iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini. Hapa mikono itulie! Ukizungusha krenki hata kidogo, anza upya.

Nafungua... mmeona? Kimelala, kimekuwa utepe. Nalinganisha na vipimo vya kwenye bahasha yake. Utepe ukiwa mpana, nafasi ni ndogo. Thau 2, safi. Namba mbili, vilevile.

Namba tatu ndiyo imenifanya niwashe kamera. Upande huu utepe mpana, thau 1 na nusu. Upande wa pili umekonda, karibu thau 3. Shingo imelika upande mmoja, na kwa macho ilikuwa inang'aa tu!

Sasa udhaifu wake. Hakikuonyeshi shingo iliyokuwa kama yai, kwa sababu kinapima sehemu moja tu ya duara. Maikromita bado unaihitaji. Halafu kikizeeka kinakuwa kigumu na kukatika, kwa hiyo usinunue cha kuweka akiba.

Na jamani, tupa ya kusugulia chuma muiache. Mwaka jana nililetewa injini ambayo fundi alipiga tupa kepu ili beringi ibane. Tundu la konrodi likawa si duara tena. Kupunguza shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) moja moja ni mambo ya zile trekta za kale zenye babiti (chuma laini cha beringi) ya kumiminwa. Hii ina beringi za vipande, ikilegea unabadilisha.

Krenki hii inaenda kusagwa, irudi na beringi za andasaizi 10, yaani nene zaidi kwa shingo iliyopunguzwa thau 10. Nitapima tena kwa kiuzi hikihiki kabla ya kufunga, kwa sababu nimeshawahi kuuziwa boksi limeandikwa 10, ndani zimo za 20.