Il giorno della civetta ya Leonardo Sciascia: muuaji anajulikana, kesi haisimami

Riwaya hii ya 1961 ni nyembamba, ila usiisome kwa pupa. Alfajiri, katika mji mdogo wa Sisilia, Colasberna, mkandarasi aliyekataa "ulinzi" wa kulipia, anapigwa risasi akidandia basi la Palermo. Abiria wanateleza na kupotea; muuza bajia za dengu, aliyekuwa papo hapo, anamuuliza askari kama kweli kuna risasi zilizopigwa. Ukurasa huo peke yake unalipa bei ya kitabu.

Kapteni Bellodi, askari mpelelezi wa kesi hii na mgeni kutoka Parma, kaskazini mwa Italia, hakimbizani na mtu. Mshukiwa anawekewa maungamo ya kughushi ya mwenzake mpaka anapasuka. Kisha Bellodi anafuata fedha: akaunti za benki za don Mariano Arena, bosi wa mafia (genge la uhalifu la Sisilia), dhidi ya mapato anayoyatangaza. Mahojiano ya wawili hao ndiyo kiini cha utamu. Kesi inakuja kubomolewa na mashahidi waheshimiwa wanaoapa kwamba muuaji alikuwa kwingine, huku wakubwa wa Roma wakikana kwamba mafia ipo.

Kero: wakubwa hao huzungumza bila kutajwa majina, kwa hiyo utarudi nyuma kuwatambua. Anayetaka pingu mwishoni achague kingine.