Kukodi baiskeli za rafu rodi Mwanza: Luchelele, Kayenze na Ukerewe

Nianze na bei maana najua ndo swali la kwanza: kukodi baiskeli moja ni elfu 30 kutwa nzima, na ukitaka kijana wa kukuongoza njia unaongeza elfu 20. Ni hela, sibishi, kwa hela hiyo pale mwaloni Kirumba unanunua samaki wa kulisha nyumba nzima. Ila mi nasema inalipa, na inalipa si kwa sababu ya baiskeli zenyewe, ni kwa sababu hawa vijana wanaozikodisha wanaijua ardhi ya huku, wanajua njia ipi inapitika lini na tairi ijazwe upepo kiasi gani, kitu ambacho ukienda kichwakichwa na baiskeli yako utakitafuta sana.

Baiskeli za rafu rodi, yaani za njia za vumbi na mawe, ni zile za usukani uliopinda kwenda chini, ukiziona kwa mbali utadhani ni za mashindano ya lami, sogea sasa uone tairi: pana, milimita 45, zina meno madogo madogo, breki za diski mbele na nyuma, gia mbele moja tu afu nyuma kibao. Zimetumika, rangi zimechubuka, lakini cheni safi na breki zinashika. Wengi wetu kanda hii tumekulia kwenye Phoenix, chuma kile hakifi na kinabeba gunia la mkaa bila kulalamika, ila kwenye mlima wa mawe lazima ushuke usukume. Hizi unakaa kwenye siti, unaweka gia nyepesi, unapanda mdogo mdogo mpaka juu.

Kilichonikosha zaidi ni kwamba tairi hazina tyubu. Ndani kuna maji maji ya gundi, mwiba ukiingia yale maji yanakimbilia kwenye tundu yanaziba yenyewe. Nilichomoa mbigili tairi la mbele, ikapiga psss, povu jeupe likatoka, kijana akaniambia "kaka zungusha rimu, tundu likae chini", nikazungusha, kidogo kimya, tukaondoka. Aliyewahi kuziba pancha katikati ya mashamba ya mihogo, jua la saa saba, hana hata beseni la maji la kutafutia tundu, huyo atanielewa bila maelezo.

Sasa njia. Luchelele ndo fupi, unatokea Nyegezi unapita Malimbe pale chuo kikuu cha SAUT unaingia ndani kufuata ziwa, inamfaa mtu anayeanza. Usiidharau lakini, kwa sababu ya ule mchanga. Mawe yetu haya ni granaiti, jua na mvua vikiyapiga miaka na miaka yanameguka yanakua punje kubwa kubwa, na zile punje zinakaa juu ya ardhi ngumu, ukikata kona na spidi ni kama umekanyaga maharage makavu kwenye sakafu ya saruji. Kijana wangu alipunguza upepo kabla hatujaanza, psi 30 mbele (psi ndo kipimo cha upepo wa tairi), nyuma kidogo zaidi (mi nina kilo sabini na kitu), afu akanielekeza breki nimalize kabla ya kona, ndani ya kona nisiiguse kabisa. Tofauti niliiona palepale, tairi likiwa laini linakumbatia zile punje badala ya kuzirukia.

Kayenze ndo yenyewe. Barabara kubwa ya kutoka Airport kupitia Igombe wao hawaipendi, magari na vumbi lake, wanakata njia za ndani za miguu na za ng'ombe, upande mmoja ziwa upande mwingine mawe na mihogo, kila baada ya kipande unatokea kijiji cha wavuvi. Ukienda siku za giza utakuta dagaa wameanikwa mpaka pembeni ya njia, kwa sababu dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti vizuri na wavuvi wengi wanapumzika. Hapo ndo nilimpenda kijana anayetuongoza, akifika penye dagaa au nyavu anashuka, anasukuma, anasalimia mwangaluka, salamu ya Kisukuma, kila anayekutana nae. Mama mmoja akatuita "piteni huku wanangu, huko mtakanyaga nyavu", akatuonyesha kichochoro, akatuuzia na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kutafuna njiani. Kuna watu wakiwa na baiskeli ya bei mbaya wanapita kwenye uwanja wa mtu kama hawaoni watu, hii ya kushuka na kusalimia inatakiwa iwe sheria kwa kila anayeendesha vijijini.

Upepo nao ni habari nyingine. Asubuhi ziwa limetulia, ila mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji basi upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na wewe unayerudi mjini kutoka Kayenze unaupokea usoni. Wao wanalazimisha muondoke saa 12 na nusu, watu wananuna, lakini mkiondoka saa tatu mtarudi mkihesabu kila nguzo ya umeme.

Kilichonifanya niandike yote haya ni hiki. Nilikua nimeshalipia Kayenze, usiku ikanyesha ile ya kweli. Alfajiri simu: "kaka samahani, Kayenze leo hapana, tukupeleke Luchelele au tusogeze siku, hela yako ipo palepale." Sababu ni udongo. Sehemu za mlimani na kandokando ya mawe ni mchanga, mvua ikikatika muda si mrefu panapitika, ila kule mabondeni kwenye majaruba ya mpunga ni mbuga, udongo mweusi ule, ukilowa unang'ang'ania tairi unajaa mpaka kwenye fremu, gurudumu halizunguki, unaishia kuibeba baiskeli begani. Wangeweza kunyamaza wakala hela yangu nikahangaike mwenyewe. Hawakufanya hivyo. Mfanyabiashara anayekataa hela yako kwa faida yako huyo unarudi kwake, na mi nilirudi, siku kavu, na njia ilikua tamu balaa.

Ukerewe ni ya wikiendi. Mnapanda meli mpaka Nansio, masaa matatu na zaidi, baiskeli wanaifunga gia ya nyuma na matambara isigongwe na mizigo, nauli ya meli na kulala ni juu yako. Mkishuka mnaelekea Bukindo, Kagunguli, Murutunguru, na mwenye pumzi anasogea mpaka shamba la miti la Rubya, kule unapita katikati ya misonobari huku ziwa linaonekana, njia imejaa majani makavu ya misonobari na tairi halitoi sauti. Mchanga upo, vipande vingine ni wa kuzama, hapo unahamisha uzito nyuma, usukani unaushika kwa ulaini na unaendelea kukanyaga, ukisimama umekwisha. Na machungwa! Msimu wake ukiukuta yanauzwa kando ya njia, umechoka, unamenya mawili matatu unarudishiwa uhai.

Mapungufu yapo na nayasema kwa sababu nataka hii kazi yao ikue. Helmeti ni saizi moja, kubwa, dada tuliyekua nae yake ilikua inamwangukia usoni na wakamwambia akaze mkanda tu, hapana, helmeti isiyokutosha haikulindi. Boksi la huduma ya kwanza siku ya Luchelele halikuwepo, hilo ni kosa kubwa kabisa, unapeleka watu kwenye mawe huna hata bandeji? Maji wanatoa chupa moja ya nusu lita, kwa jua la huku nusu lita inaisha kabla hamjafika popote. Na ukiuliza bado umbali gani jibu ni "hapo mbele tu", waseme kilometa, mtu ajipange.

Lingine, mkifika ufukweni wanawaacha watu waingie majini kujipoza. Mi sikubaliani nalo. Kichocho ziwani kwetu kipo, vijidudu vinatoka kwa konokono wa majini vinaingia kwa ngozi, huhitaji hata kunywa maji, kuzamisha miguu tu kwenye maji ya pembeni yenye majani kunatosha. Joto likikuzidi jimwagie maji ya chupa. Kama ulishaingia kapime, dawa ipo na inatibu, ila kiongozi wa msafara ndo wa kwanza kutakiwa kuwaambia watu.

Kwa anayetaka kwenda: Juni mpaka Septemba ndo kukavu, Kayenze na Ukerewe weka hapo. Kipindi cha vuli na masika bado unaweza Luchelele ila uwe tayari kubadilishiwa siku. Beba lita mbili za maji, helmeti yako kama unayo, glavu, hela ndogo ndogo za vijijini, na waambie kimo chako wakati wa kubook maana fremu kubwa ziko chache, mtu mrefu ukichelewa utapewa ya kati na magoti yatakulilia siku mbili. Mi ya Ukerewe ya Agosti nimeshaweka oda ya fremu kubwa na nimewaambia wazi, nataka kuliona boksi la huduma ya kwanza kabla hatujapanda meli.