Kronografu ya Zamani Niliyoinunua kwa Macho, Kisha Nikaikagua kwa Lenzi

Kwa miezi minane sasa navaa kronografu (saa yenye akrabu za kupimia muda, za kuanzisha na kusimamisha kwa vitufe) ya kutia ufunguo kwa mkono, yenye mashine ya Landeron 48, ambayo muuzaji wake alinieleza kwamba ni ya miaka ya 1950 na kwamba haijawahi kuguswa. Naandika uzoefu wangu kwa sababu sehemu ya saa niliyoitilia shaka siku ya kwanza ndiyo iliyokuja kuthibitika kuwa salama, na ile niliyoisifia mbele ya kila mtu ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Saa ilipofika nilibonyeza kitufe cha juu, na akrabu ndefu ya sekunde ikaanza kuzunguka. Nilikibonyeza tena ili isimame, kama zifanyavyo kronografu nyingi, lakini akrabu ikaendelea na safari yake. Nilimwandikia muuzaji kwa ukali kwamba ameniuzia kitu kibovu. Kumbe Landeron 48 ndivyo ilivyoundwa: kitufe cha juu huanzisha tu, cha chini husimamisha, na kikibonyezwa mara ya pili hurudisha akrabu kwenye sifuri. Nililazimika kuomba radhi, jambo ambalo baadaye lilinifanya nione haya kurudi kwake na lalamiko la haki. Fundi saa alipoipima, gurudumu la mizani, linaloongoza mwendo wa saa kwa kubembea huku na huku, lilikuwa likibembea kwa nyuzi 265 saa ikiwa imelazwa, na lilishuka hadi 240 kronografu ilipoanzishwa. Kushuka kiasi hicho ni kawaida, kwa kuwa magurudumu ya kronografu huchota nguvu kutoka mashine ileile. Saa iliyochoka ndiyo inayopoteza nguvu hadi ikaribie kusimama. Akrabu nayo ilirudi kwenye sifuri barabara kila mara, na ile ya kuhesabu dakika ilisogea alama moja sekunde ya 60 ilipotimia.

Tatizo lilikuwa usoni. Uso wa saa hii ulikuwa mweupe, safi, usio na doa hata moja, na mimi nilidhani usafi huo ni bahati yangu. Baada ya wiki kadhaa niliutazama kwa lenzi inayokuza mara 10. Kwenye kiduara kidogo cha sekunde, vistari viwili vilikuwa vimeupita mzingo wake na kuingia ndani, hali vingine havikuufikia. Neno SWISS, ambalo kwa kawaida huandikwa chini kabisa karibu na namba 6, lilikuwa na herufi nene kuliko maandishi mengine yote, na S yake ya mwisho ilikuwa imeegemea upande kama mtu aliyesinzia. Viwanda vya wakati ule vilichapa nyuso kwa mabamba yaliyochongwa kwa umakini mkubwa. Kasoro ya aina hiyo ni alama ya uso uliofutwa na kuchapwa upya.

Rangi inayong'aa gizani ndiyo iliyomaliza ubishi. Saa za miaka ya 1950 zilipakwa rangi yenye radi (radiamu, metali yenye mionzi), na kuanzia miaka ya 1960 tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, ikachukua nafasi yake, mara nyingi ikiambatana na herufi T sehemu ya chini ya uso. Nusu-uhai wa tritiamu, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni miaka 12 na ushei, kwa hiyo saa ya zama hizo haiwezi kung'aa usiku kucha leo. Radi yenyewe hudumu zaidi ya miaka 1,000, ila huunguza kemikali inayotoa mwanga, ndiyo maana nukta hizo hufifia ingawa mionzi ipo palepale. (Msizikwangue hata kidogo, vumbi lake ni hatari likivutwa puani.) Nilimulika saa yangu kwa tochi ya urujuanimno kwenye chumba chenye giza. Akrabu zilionyesha mwanga hafifu uliotoweka mara tu nilipozima tochi, lakini nukta za usoni ziliendelea kung'aa kijani kwa muda mrefu. Akrabu ni za zamani, nukta ni za juzi. Vitu vilivyotoka kiwandani pamoja vilipaswa kuzeeka pamoja.

Kuhusu kasha sina mengi ya kulalamikia. Masikio yanayoshika mkanda bado yana kingo kali, na maandishi ya mgongoni yana kina cha kutosha kuhisiwa kwa ukucha. Kasha lililosuguliwa mara nyingi huwa na mabega ya mviringo kama sabuni iliyotumika, na hakuna fundi anayeweza kurudisha chuma kilichokwisha kuliwa bila kuongeza kingine.

Nimejifunza pia kutenganisha maswali mawili ambayo wauzaji hupenda kuyachanganya: je, sehemu hii ni halisi, na je, ndiyo iliyozaliwa na saa hii? Mfano mzuri ni Omega Speedmaster. Saa iliyotengenezwa kabla ya mashine ya 321 kupisha 861 mwaka 1968 hutarajiwa kuwa na pete ya nje (ya kupimia mwendokasi) yenye nukta iliyokaa juu ya namba 90, si pembeni yake. Ikiwa na pete ya baadaye, pete hiyo yaweza kuwa ya Omega kabisa, iliyowekwa wakati wa matengenezo ya kawaida, na saa ikafanya kazi vizuri sana. Lakini muuzaji hana haki ya kuiita kamili kama ilivyotoka kiwandani.

Yangu sijairudisha. Muuzaji alikubali kunirejeshea sehemu ya fedha, nami nimemkataza fundi asipake akrabu rangi mpya ili zifanane na uso. Mwezi uliopita nilipendezwa na kronografu nyingine, yenye mashine ya Valjoux 72. Nilimwomba mwenye nayo picha za uso kwa karibu, za mashine, na video ya akrabu ikirudishwa sifuri mara tatu mfululizo. Alituma picha zote, na video ya kurudishwa mara moja tu. Nilipomkumbusha alisema kuna wanunuzi wengine wanaosubiri, nami nikawaachia wao.