Jedwali la Leopold: nalitumia bado, na hapa ndipo linaponikwamisha

Kati ya zana zote za tathmini ya athari kwa mazingira nilizowahi kuzitumia, hii ndiyo ninayoirudia kila mara, japo ilitoka mwaka 1971. Luna Leopold na wenzake watatu waliichapisha kupitia taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani: shughuli 100 za mradi kwa juu, hali 88 za mazingira kwa ubavuni. Visanduku 8,800! Usitishike, mradi mmoja hugusa vichache tu kati ya hivyo.

Kisanduku kinachohusika unakikata kwa mstari wa mshazari. Juu kushoto unaandika ukubwa wa athari, 1 hadi 10. Chini kulia, umuhimu wake. Kutenganisha mambo hayo mawili ndiko kunakonifanya nilipende jedwali hili. Tulipokuwa tunapima bwawa dogo la umeme, kisanduku kimoja kilitushika karibu saa nzima: kuchimba changarawe mtoni, na samaki. Mhandisi alitaka 2, kwa kuwa ni mita chache za mto. Mvuvi tuliyemwalika akasema, "Hizo mita chache ndizo samaki wanapotagia." Tukaandika 2 juu, 9 chini. Machimbo yakahamishwa.

Linapopwaya ni kwenye mnyororo wa athari. Miti ikikatwa udongo huporomoka, mto ukajaa tope, samaki wakatoweka. Jedwali linaiona kila hatua kivyake. Kwa hilo mimi huchora mtandao wa sababu na matokeo pembeni. Muda nao halijui: vumbi la wiki mbili na chemchemi iliyokauka moja kwa moja vinapewa visanduku vya namna moja. Na kama unapima simu au betri, ambayo madhara yake yanaanzia mgodini hadi jalalani, liache. Fuata tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, kwa utaratibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 14040.

Tafadhali, usijumlishe namba. Nimesoma ripoti iliyotoa alama za maji machafu kwenye alama za ajira ikapata "faida". Waliolitunga wenyewe walisema visanduku havilingani, na wakataka kila namba kubwa ielezwe kwa maandishi. Mimi sisaini jedwali lisilo na maelezo hayo.

Ni la bure: Waraka namba 645 wa taasisi hiyo ya jiolojia ya Marekani. Chapisha kwenye karatasi kubwa, chukua penseli na kifutio, na mwite mvuvi kabla hamjaandika namba ya kwanza.